Mama Akishika Kamera

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho huenda hukukitarajia kutoka kwa muuguzi, nacho ni picha. Si picha ya eksirei. Ni picha ya kawaida, ya kamera au ya simu, ambayo wewe mwenyewe unaipiga pale unapoishi, halafu unakaa na wenzako kuizungumzia, halafu mnaipeleka kwa mtu aliye na uwezo wa kurekebisha jambo.

Utauliza, picha na afya ya mtoto wangu vinahusiana vipi? Nami niliuliza hivyo hivyo. Ngoja nikueleze.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika zahanati moja iliyo kando ya mtaa wa nyumba za mabati. Jumanne ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Kabla ya kupima uzito nilisimama mbele ya akina mama na kufundisha: chemsha maji au tia dawa, nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kumlisha mtoto, funika chakula. Walinisikiliza vizuri. Nikiuliza, "Tumeelewana?" walijibu kwa pamoja, "Ndiyo, sista." Kabla ya wiki kwisha, watoto wale wale walirudi wakiharisha. Nikifungua rejista, majina ni yale yale. Nisikufiche, nilianza kuwaona akina mama hawa kama watu wasiosikia.

Mhudumu mmoja wa afya ya jamii ndiye aliyenipa wazo. Aliniambia, "Sista, wewe unawaambia kila wiki. Waache nao wakuonyeshe." Tukakusanya akina mama tisa. Simu zenye kamera zilikuwa nne tu kati yao, kwa hivyo walipokezana. Tuliwapa swali moja: ni kitu gani hapa mtaani kinachomfanya mtoto wako augue tumbo, au kinachokuzuia kumlinda? Tukawapa wiki mbili.

Nilitarajia kuona mikono michafu, sufuria bila kifuniko, nzi juu ya uji. Yaani nilitarajia kuona masomo yangu ya Jumanne.

Picha ya kwanza kuwekwa mezani ilikuwa ya kipande cha sabuni. Kipande kidogo, kama kidole gumba, kimetiwa ndani ya soksi na kuning'inizwa kwenye msumari juu ya mlango, mahali ambapo hata mtu mzima lazima ajinyooshe. Nikauliza kwa nini sabuni iko juu hivyo na choo kiko nje. Mwenyewe akajibu, "Ikikaa chini watoto wataichezea iishe leo, na hiyo ni ya wiki nzima. Nikiiacha chooni, itachukuliwa kabla sijafika mlangoni kwangu." Mimi nilikuwa nikifundisha kwamba sabuni ikae karibu na choo. Hakuna siku niliyowahi kuuliza ni nyumba ngapi zinatumia choo kimoja.

Picha ya pili ikanijibu. Ilikuwa ya mlango wa choo wenye kufuli kubwa. Choo hicho kilitumiwa na nyumba 11, na mwenye ploti alikifunga saa tatu usiku ili watu wa nje wasikitumie. Sasa mtoto akiharisha saa nane za usiku, mama afanye nini? Hutumia karai, na alfajiri karai humwagwa mtaroni.

Na katika mtaro huo huo ndimo ilimokuwa picha ya tatu. Bomba la plastiki, la maji ya kunywa, limelala ndani ya maji taka. Mahali lilipokuwa limeungwa palikuwa pamefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tafadhali nisikilize vizuri hapa, kwa sababu jambo hili akina mama wengi hawalijui. Maji yanapokuwa na nguvu bombani, tundu huvuja kuelekea nje. Maji yakikatwa, bomba hubaki tupu na huweza kunyonya uchafu ulio nje kupitia tundu lile lile. Yakirudi, maji ya kwanza kutoka huwa yamebeba uchafu huo. Mama anafika alfajiri akiwa wa kwanza kwenye foleni, anajihesabu mwenye bahati, na anachota yale mabaya kuliko yote. Ukiishi mahali maji yanapokatika, acha ya kwanza yapite au yatumie kuoshea sakafu, na yale ya kunywa uyatibu hata kama yanaonekana safi.

Nyanya mmoja anayelea wajukuu wawili ndiye aliyeleta picha iliyoninyamazisha. Ilikuwa ya zahanati yetu. Kwenye ukuta palikuwa na bango nililoliandika kwa mkono wangu: NAWA MIKONO KWA SABUNI. Chini ya bango palikuwa na mfereji mkavu, na chini ya mfereji ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Akasema, "Binti yangu, usikasirike. Uliuliza kinachotuzuia." Sikukasirika, lakini nilitamani kutoka nje kidogo.

Ndugu msikilizaji, jambo hili si uzushi wangu wala wa yule mhudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu wawili, Caroline Wang na Mary Ann Burris, walifanya kazi na wanawake wa vijijini katika jimbo la Yunnan, nchini China. Wanawake 62, wakulima, wengi wao wakiwa wamesoma kidogo sana, walipewa kamera na kufundishwa kuzitumia. Walipiga picha za maisha yao wenyewe. Mojawapo ilionyesha mama akipalilia shamba la mahindi huku mtoto wake mchanga amelala peke yake pembeni. Picha hizo walionyeshwa viongozi, na zikafungua mazungumzo juu ya malezi ya watoto mama anapokuwa shambani, juu ya huduma za uzazi na juu ya masomo ya wasichana. Wataalamu wale waliipa njia hii jina la fotovoisi, yaani sauti inayopita kwenye picha, na mwaka 1997 wakaandika namna inavyofanywa. Tangu hapo imetumiwa katika nchi nyingi.

Hapa kwetu Kenya, mwaka huo huo wa 1997, mpigapicha Lana Wong alianza kazi kama hiyo huko Mathare, Nairobi, pamoja na chama cha michezo cha vijana cha MYSA. Watoto 31, wavulana na wasichana wa umri wa miaka 12 hadi 17, walipewa kamera za plastiki za bei nafuu wakapiga picha za mtaa wao. Mwaka 1999 picha hizo zilitoka katika kitabu kiitwacho Shootback. Mathare ilikuwa imepigwa picha mara nyingi sana na wageni. Tofauti ni kwamba safari hii aliyeamua nini kionekane ni mtoto anayelala pale.

Turudi kwa akina mama wetu tisa. Picha peke yake haitoshi. Ukimpelekea mkubwa picha ya mtaro atasema, "Pole," na atairudisha. Kazi kubwa iko katika mazungumzo, na kuna maswali yanayosaidia. Tunaona nini hapa? Ni nini hasa kinachotendeka? Kinagusa maisha yetu namna gani? Kwa nini hali iko hivi? Tunaweza kufanya nini?

Lile la "kwa nini" ndilo gumu, nami nakushauri msiliharakishe. Tulipofika kwenye picha ya bomba, jibu la kwanza lilikuwa, "Kwa sababu wauza maji hawajali." Tukauliza tena, kwa nini bomba lipite mtaroni? Kwa sababu kati ya nyumba hakuna njia nyingine iliyobaki wazi. Kwa nini hakuna? Kwa sababu ploti zilijengwa hadi ukingoni. Na kwa nini kila muuzaji ana bomba lake? Kwa sababu bomba kubwa limeishia barabarani, na kuanzia pale kila mtu anajivutia yake. Kumbe aliyehitajika kuiona picha hiyo hakuwa muuza maji tu. Alikuwa pia mtu wa ofisi ya maji. Bila swali lile tungegombana na jirani anayetuuzia maji kisha tukarudi nyumbani tulivyokuja.

Nilianza na la kwangu. Nilinunua pipa lenye mfereji, tukaliweka chini ya lile bango, na mlinzi akakubali kulijaza kila asubuhi. Ilichukua siku tatu. Kwa miezi mingapi nilikuwa nimepita mbele ya ndoo ile bila kuiona? Wale akina mama wakapeleka picha ya choo kwa mwenye ploti wakiwa watu sita, wala si mmoja mmoja. Hakukubali kuondoa kufuli. Alikubali kutoa ufunguo wa pili, ukae kwa mama mmoja aliye karibu. Si kila kitu, lakini karai za usiku zilipungua. Bomba lilichukua miezi minne na mikutano mitatu, na mkutano mmoja hatukumkuta hata mtu. Mwishowe waliliinua kutoka mtaroni na kulipitisha ukutani. Ya sabuni hatukuweza kuipunguza bei. Akina mama walianza kuchanga na kununua mche mzima wakigawana, jambo ambalo nalo walilibuni wenyewe.

Sitakudanganya kwamba kuharisha kulikwisha. Watoto bado waliletwa, ila nilipowapokea mama zao sikuwasemesha kama zamani. Na kwa kuwa tumelitaja, mtoto akiharisha mpe ORS na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na mkimbize kituoni ukiona damu kwenye choo, macho yaliyozama, au akishindwa kunywa.

Sasa nataka nikueleze kosa letu, kwa sababu laweza kukupata nawe.

Kati ya picha tulizochapisha kubwa ili zipelekwe barazani, mojawapo ilikuwa ya mtoto wa mwaka mmoja hivi amechuchumaa kando ya mtaro, bila suruali, uso wake ukionekana wazi. Ilikuwa picha yenye nguvu. Kila aliyeiona alisikitika. Lakini mama wa mtoto huyo hakuwa katika kikundi chetu, na hakuna aliyemuuliza. Barazani watu walimtambua mtoto. Wakaanza kunong'ona, "Si yule wa fulani?" Kufikia jioni picha ilikuwa imepigwa tena kwa simu ya mtu na kutumwa kwa wengine. Mama yule aliacha kuja kliniki. Tulimtafuta. Chanjo ya surua ya miezi 18 ilikuwa imempita mtoto wake, sisi tukijisifu kwamba tunapigania afya ya watoto. Nilikwenda kwake mara mbili kuomba msamaha. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alinisikiliza akiwa amesimama, akaniambia, "Mlitaka mtaro, mngepiga mtaro." Sijapata kusikia somo la maadili lililo fupi kuliko hilo. Mtoto alichanjwa mwezi uliofuata, katika kituo kingine.

Kwa hivyo, mama, kabla ya kubonyeza, uliza. Mwambie mtu unapiga picha ya nini na itaonyeshwa kwa nani. Akisema hapana, ni hapana, hata kama ni dada yako. Kisha muulize tena picha ikishachapishwa, maana mtu anaweza kukubali jikoni akakataa akijiona mkubwa ukutani. Kwa mtoto, mwenye kukubali ni mzazi au mlezi wake, na hilo limo hata katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Mara nyingi uso hauhitajiki kabisa. Piga mikono, miguu, mgongo, au kitu chenyewe. Ile picha ya soksi yenye sabuni haikuwa na mtu hata mmoja.

Kuna picha ambazo ningekuomba usizipige kamwe: mtoto aliye uchi, mgonjwa kitandani, kadi ya kliniki yenye jina, watu waliopanga foleni mahali dawa fulani zinapotolewa. Na kuna picha zinazoweza kukuletea hatari wewe mwenyewe. Ukipiga kitu ambacho mtu anakificha, kama pombe haramu au nyaya za umeme wa kuiba, fikiria usiku utalala wapi. Mambo kama hayo yanaweza kusemwa kwa njia nyingine. Pia elewaneni mapema picha zitakaa kwa simu ya nani, na kwamba hazitumwi kwenye vikundi vya WhatsApp. Mwambie na mume wako au wakwe mapema, maana mmoja wa wale tisa alipata taabu nyumbani kwa sababu jiko lake lilionekana mbele ya watu na mzee hakuwa na habari.

Kama unataka kujaribu, watu watano hadi kumi wanatosha, na chama chenu cha kila wiki kinafaa kabisa. Mshirikisheni mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba zenu. Chagueni swali moja, lisiwe pana. "Matatizo ya mtaa wetu" ni swali litakalowaletea picha mia moja na hasira nyingi. "Ni nini kinachomzuia mama mjamzito kufika kliniki?" ni swali linaloshikika. Kila mtu achague picha mbili tu za kuzungumzia, na aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Asiyejua kuandika aseme, mtoto wa shule aandike, kisha asomewe aone kama ndivyo alivyosema. Msisahihishe maneno yake yawe ya kikubwa. Nyanya wetu alitaka chini ya picha yake paandikwe, "Mfereji wa mafundisho," na hivyo ndivyo tulivyoandika.

Picha chache zikichapishwa kwenye karatasi zina uzito kuliko nyingi zilizomo simuni, kwa sababu karatasi hubaki mezani kwa mkubwa mkishatoka. Hapo ndipo kuna gharama kidogo, na mnaweza kuchanga.

Halafu mjue mnampelekea nani. Tangu Katiba ya mwaka 2010, zahanati, vituo vya afya na huduma za maji ziko chini ya kaunti. Kwa hivyo mwanzieni msimamizi wa wadi na mwakilishi wadi, na kamati ya zahanati ikiwapo. Chifu atawasaidia kupata nafasi barazani. Tena kuna wakati wake. Kila kaunti hutakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka mbele ya bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Wananchi wana haki ya kutoa maoni. Mkifika Oktoba na picha nzuri, mtaambiwa mngoje mwaka ujao, na pengine watakuwa wanasema kweli. Ulizeni ofisi ya wadi mikutano ya maoni ni lini, mwende na picha tatu au nne, na mama aliyepiga picha ndiye aizungumzie. Asisemewe na muuguzi. Nilijaribu mara moja kusema kwa niaba yao, mkubwa yule akanijibu kwa lugha ya ofisi nami nikamjibu kwa lugha ya ofisi, na akina mama wakabaki kututazama. Alipoinuka yule wa sabuni na kuonyesha soksi yake, chumba kizima kilinyamaza.

Andikeni tarehe mliyokwenda, mliyemwona na alichoahidi. Baada ya miezi michache rudini mahali pale pale, mpige picha ile ile tena. Kama pamebadilika, mpelekeeni aliyesaidia naye aone kazi yake. Watu wa ofisi hupokea malalamiko tu mwaka mzima, na picha kama hiyo hawaisahau. Kama hapajabadilika, wekeni picha mbili kando kwa kando, tarehe chini yake, na mrudi nazo.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo tutafungua pamoja kitabu cha mama na mtoto na kusoma ule mchoro wa uzito, mstari kwa mstari, kwa hivyo uwe nacho karibu pamoja na kalamu. Kwaheri kwa leo.